Umekula maksi mbovu kwenye tathmini ya kazi? Achana na namba, dai matukio

#1 (mleta uzi)

Wakuu habari zenu,

Msimu wa tathmini ukifika utakuta watu wazima wenye akili zao timamu wamekosa usingizi wiki nzima sababu ya karatasi moja iliyoandikwa "chini ya matarajio". Mimi nimekaa pande zote mbili za ile meza, nimetathminiwa na nimetathmini watu, na kuna jambo moja naona halisemwi vya kutosha kwahiyo naomba niliseme kwa urefu, mwenye haraka anisamehe.

Jambo lenyewe ni hili. Ile namba uliyopewa, iwe 2 kati ya 5 au D au "anahitaji kuboresha", haijibiki. Ukiishambulia bosi ataitetea tu, maana akishaiandika inakuwa heshima yake iko pale. Kinachojibika ni maneno yaliyoandikwa chini ya namba, na njia ya kuyajibu ni kuomba kila neno la jumla lishushwe liwe tukio. Kazi gani, lini, nilitakiwa nifanye nini, nikafanya nini. Basi, uzi wote huu unazunguka hapo.

Tuanze na siku yenyewe. Ukiwa kwenye kikao na neno la kwanza baya likatoka, masikio yanaziba, unabaki unaangalia mdomo wa bosi unacheza ila hausikii kitu. Hiyo ni hali ya binadamu wala usione wewe ndo mdhaifu. Mwaka 2001 mwanasaikolojia Roy Baumeister na wenzake walipitia tafiti za kila aina wakaonyesha kwamba jambo baya linatuingia kwa nguvu kuliko jambo jema la ukubwa uleule, kwahiyo hata kama karatasi ina mistari kumi ya pongezi na mmoja wa lawama wewe utatoka na ule mmoja. Sasa katika hali hiyo usijitetee, usilie kama unaweza kujizuia, na usikubali kila kitu ili tu kikao kiishe. Sema "nimekusikia, naomba nikaisome kwa utulivu halafu tupange muda tuongee." Bosi mwenye akili hawezi kukataa hilo.

Kuhusu kusaini. Fomu nyingi zina sehemu ya saini ya mfanyakazi, na mara nyingi maana yake ni kwamba umeionyeshwa, sio kwamba umekubali kilichomo. Lakini soma maandishi madogo yaliyo juu ya hiyo saini, maana zipo zilizoandikwa "nakubaliana na tathmini hii". Kama ni ya hivyo, omba uandike pembeni "nimeipokea, maoni yangu nitayaleta kwa maandishi", weka tarehe, halafu uyalete kweli. Na ile sehemu ya maoni ya mfanyakazi ambayo watu wengi wanaiacha wazi au wanaandika "sina maoni", ile ndo sehemu pekee kwenye faili lako ambapo sauti yako inakaa. Mtu atakayefungua hilo faili miaka mitatu baadae, wewe na bosi wako mkiwa mmeshahama wote, atakutana na maneno ya bosi na upande wako mweupe.

Sasa tuje kwenye kushusha maneno. Chukua sentensi ambayo naiona sana: "hana ushirikiano mzuri na timu." Ukiisoma usiku peke yako inakuwa hukumu ya utu wako wote, unaanza kukumbuka mpaka shule ulivyokuwa. Lakini ukiitazama vizuri haijasema kitu. Inaweza kuwa ulichelewa kujibu barua pepe za kitengo cha fedha. Inaweza kuwa ulimkatalia mtu faili kwa sababu ya haki kabisa. Inaweza kuwa kwenye vikao huongei. Hayo ni mambo matatu tofauti na kila moja lina dawa yake, sasa utatibu lipi?

Kwahiyo baada ya siku mbili tatu, roho ikishatulia, andika kitu kama hiki:

"Asante kwa kikao cha juzi. Nimeisoma tathmini yote. Kwenye kipengele cha ushirikiano umeandika kwamba sina ushirikiano mzuri na timu, na ningependa kulifanyia kazi. Naomba unitajie matukio mawili au matatu unayoyakumbuka, ilikuwa kazi gani na ulitarajia nifanye nini, ili nijue pa kuanzia. Naweza kuja muda wowote utakaokuwa na nafasi."

Angalieni, humo ndani hamna "sikubaliani", hamna "umenionea", hamna maelezo marefu ya jinsi ulivyojituma mwaka mzima. Ni ombi moja na halina pa kukataliwa. Na liko kwenye maandishi.

Majibu yatakuwa ya aina tatu. Kuna bosi atakutajia matukio ya kweli yenye mashiko, na hapo meza mate upokee maana umepata kitu ambacho namba haikukupa. Kuna bosi atakutajia tukio moja tena la wiki tatu zilizopita, hapo ujue mwaka wako mzima umepimwa kwa mwezi wa mwisho, kitu cha kawaida sana maana binadamu anakumbuka ya karibuni. Na kuna bosi hatakuwa na hata moja, atasema "ni kwa ujumla tu." Huyo wa tatu usimrukie. Andika tu kwamba mmekutana na hakukuwa na mifano kwa sasa, na kwamba mmekubaliana akiona tukio akwambie palepale.

Kwanini nang'ang'ania matukio? Kuna watafiti wawili, Kluger na DeNisi, mwaka 1996 walikusanya tafiti nyingi mno kuhusu mrejesho kazini na kwingineko, wakakuta kwa wastani unasaidia lakini katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo utendaji ulishuka baada ya mtu kupewa mrejesho. Umeona hapo? Unaambiwa makosa yako na unazidi kuwa mbovu. Maelezo yao ni kwamba mrejesho ukimpeleka mtu kujifikiria yeye mwenyewe badala ya kufikiria kazi, nguvu zinaishia kwenye kujilinda. Ndo maana nasema ukibaki na "mimi sina ushirikiano" utaharibikiwa, ukishuka mpaka "ripoti za robo ya pili zilifika kwa wenzangu zimechelewa" una kitu cha kushika.

La mwisho kwa leo, na hili wengi waliokaa upande mmoja tu wa meza hawalijui. Sehemu nyingi bosi wako sio mwamuzi wa mwisho wa maksi zako. Kuna kikao cha mameneja cha kulinganisha maksi, kila mmoja anakuja na majina yake, na watu ambao hawajawahi kuona kazi yako wanauliza "huyu kafanya nini hasa?" Pengine pia kuna mgao, yani lazima asilimia fulani wawe chini hata kama wote wamefanya vizuri. Jack Welch aliyeongoza General Electric kuanzia 1981 mpaka 2001 ndo alivumisha huo mtindo, 20 juu, 70 katikati, 10 chini na hao kumi wanaonyeshwa mlango. Microsoft nao walikuwa na mfumo wa kupanga watu kwa mgao wakauacha mwaka 2013, Adobe waliachana na tathmini ya mara moja kwa mwaka tangu 2012. Lakini kampuni nyingi bado wamo. Kwahiyo uliza kwa upole kabisa, "hapa maksi zina mgao?" Jibu lake litakuondolea nusu ya mzigo, au litakuonyesha kwamba bosi wako aliingia kwenye kile kikao mikono mitupu kwa sababu hukumpa cha kusema juu yako.

Karibuni mchangie.

#2

Mkuu umeandika kitu kimenigusa sana ila mimi nimeshachelewa, nimesaini palepale na sehemu ya maoni nimeacha tupu, nilitaka tu nitoke kile chumba. Sasa nimebaki na dukuduku, usiku nawaza nitarudije kumwangalia bosi usoni. Hapo naanzia wapi?

#3 (mleta uzi)

Pole sana ndugu yangu. Saini haijafunga mlango. Tuma barua pepe kwa bosi, nakala kwa rasilimali watu, useme ungependa maoni yako yaambatanishwe na fomu. Sehemu nyingi watakubali, na hata wakikataa kuiweka kwenye faili barua pepe yako ina tarehe. Andika kwa ufupi, nusu ukurasa inatosha, vitu vitatu: unachokubali, unachoona hakikuzingatiwa pamoja na ushahidi wake, na unachoomba. Unachokubali kianze. Ukianza na lawama hakuna atakayefika aya ya pili.

Na hilo la usiku, nakushauri hasira uziandike kwenye daftari lako nyumbani. Sio barua ya kumtumia mtu, ni yako mwenyewe. Kuna utafiti wa mwaka 1994 wa Spera, Buhrfeind na Pennebaker kwa mainjinia waliopoteza kazi, kundi moja waliandika kuhusu hisia na mawazo yao juu ya kupoteza kazi kwa siku kadhaa mfululizo, na hao walipata kazi mpya mapema kuliko wale walioandika mambo mengine au wasioandika kabisa. Hali yako haifanani moja kwa moja na yao, ila mtu akishayatoa huko ndani anaingia kazini mwepesi.

#4

Tatizo la nyuzi kama hizi zinamchukulia bosi kama mtu wa haki. Wengine mabosi zetu wana chuki za wazi, ulimpinga mara moja kwenye kikao mbele za watu basi maksi zako za mwaka ndo zimeishia hapo. Huyo ukimwomba matukio ndo kwanza unamwongezea hasira. Mimi naona dawa ni kutafuta kazi nyingine kimyakimya.

#5

Nimchangie mkuu #4. Mimi ni kiongozi wa kitengo, nina watu ninaowatathmini kila mwaka. Sikatai chuki zipo. Lakini nikuambie mara nyingi maksi mbovu haitoki kwenye chuki, inatoka kwenye kutokuona. Nina watu wengi, fomu zinatakiwa kabla ya tarehe fulani, nakaa usiku nazijaza na mtu ambaye sina kumbukumbu yake anapata "wastani" au chini ya hapo, na yule anayenitumia mistari minne kila mwisho wa mwezi ya alichomaliza nina cha kuandika. Sisemi ni haki, nasema ndivyo inavyokwenda. Yule aliyekuja kuniomba mifano kwa adabu nilianza kumwangalia kwa makini zaidi mwaka uliofuata, na kwa uzuri. Aliyekuja kugombana nilianza kuweka kumbukumbu za kujilinda mimi.

#6 (mleta uzi)

Mkuu #5 asante sana, hiyo mistari minne ya kila mwisho wa mwezi watu waichukue kama ilivyo. Nilichomaliza, kimemsaidia nani, kilichokwama na kwanini, ninachoanza. Isizidi hapo maana hatasoma.

Mkuu #4 nakuelewa na wala sitakubishia kwamba chuki zipo. Hata watafiti wameonyesha kwamba maksi zinamweleza anayezitoa kuliko anayepewa. Edward Thorndike mwaka 1920 aliangalia maafisa wa jeshi wanavyopima watu walio chini yao akakuta ukimpenda mtu kwa jambo moja unampandisha kwenye yote, hata yasiyohusiana. Scullen, Mount na Goff mwaka 2000 walichambua maksi za mameneja waliopimwa na mabosi, wenzao na walio chini yao, wakakuta zaidi ya nusu ya tofauti za maksi inatokana na namna ya mpimaji mwenyewe.

Lakini hapohapo ndo naona sababu ya kudai matukio hata kwa bosi mwenye kinyongo. Sio ili abadilike. Ni ili siku shauri likipanda juu kuwe na karatasi inayoonyesha uliomba na hukupewa. Shirika la Kazi Duniani lina Mkataba namba 158 wa mwaka 1982 unaosema mtu asiachishwe kazi kwa sababu ya mwenendo au utendaji kabla hajapewa nafasi ya kujitetea, labda pawe na hali ambayo haiwezekani kabisa kumtarajia mwajiri ampe hiyo nafasi. Na pendekezo linaloenda nao, namba 166 la mwaka huohuo, linasema kwa utendaji mbovu mwajiri awe amempa mtu maelekezo na onyo la maandishi, na muda wa kutosha wa kujirekebisha. Sio nchi zote zimeuridhia, na pendekezo lenyewe halifungi mtu, ila sheria za kazi za nchi nyingi zina roho hiyohiyo. Kasome ya kwako. Na kama kuna chama cha wafanyakazi kazini kwako usisubiri mpaka maji yafike shingoni ndo uwatafute.

Kutafuta kazi kimyakimya nakubaliana nako, ila fanya yote mawili.

#7

Samahani dada zangu na kaka zangu, langu ni tofauti kidogo. Nilikuwa likizo ya uzazi sehemu ya mwaka, nimerudi nimekuta tageti zangu ni zilezile za mwaka mzima, nimepimwa nazo nimeonekana nimefikia nusu. Bosi anasema mfumo ndo umehesabu, yeye hana la kufanya. Nilijisikia vibaya mno maana miezi niliyokuwepo nilifanya kazi na mtoto halali usiku.

#8 (mleta uzi)

Dada yangu pole na hongera kwa mtoto. Hili lako halihitaji hata kuomba matukio, linahitaji hesabu. Kaa uandike tageti ya mwaka, igawe kwa miezi 12, zidisha kwa miezi uliyokuwepo, halafu weka pembeni ulichofikisha. Ukikuta umefikisha au umepita hiyo tageti ya miezi yako, jedwali hilo ndo barua yako, sentensi mbili juu yake zinatosha: "Tageti iliyotumika ni ya miezi 12, nilikuwa kazini miezi kadhaa tu kwa sababu ya likizo halali iliyoidhinishwa. Naomba tathmini irekebishwe kulingana na muda niliokuwepo." Peleka kwa bosi na kwa rasilimali watu siku moja. Jibu la "mfumo umehesabu" lisikutishe, mfumo unajazwa na watu na watu wanaweza kuufungua.

Na usikubali lizungumzwe kama fadhila. Mkataba namba 183 wa mwaka 2000 wa hilohilo Shirika la Kazi Duniani unazuia mtu kuachishwa kazi kwa sababu ya ujauzito au likizo ya uzazi na unazitaka nchi zilizouridhia zihakikishe uzazi hauwi chanzo cha ubaguzi kazini. Maksi iliyoshuka kwa sababu ya miezi ya likizo inaingia palepale, hasa kama ndo inayoamua nyongeza ya mshahara au kupanda cheo. Hili linaniuma kwelikweli maana wanaofanyiwa hivi wengi wananyamaza wakidhani ndo utaratibu.

#9

Mkuu mleta uzi, na yule ambaye ameshapewa ule mpango wa kuboresha utendaji wa miezi mitatu? Wenzangu wananiambia hiyo ni barua ya kufukuzwa iliyovalishwa nguo, nianze kufungasha. Nimechanganyikiwa, sijui nijitume au niache.

#10 (mleta uzi)

Ndugu yangu wenzako wana ukweli kidogo lakini sio wote. Ipo mipango ya kumjenga mtu na ipo ya kumtoa, na unaweza kuitofautisha ndani ya wiki chache za mwanzo kwa kuangalia vitu vichache tu.

Soma vipimo vyenyewe. Kama imeandikwa "kupunguza makosa kwenye ankara yasizidi mawili kwa mwezi" hiyo inapimika na iko mikononi mwako. Kama imeandikwa "kuonyesha mtazamo chanya" au "kuongeza mauzo ya kitengo" wakati wewe hauzi, hapo hakuna namna ya kufaulu mpaka kipimo kibadilishwe, na ombi la kukibadilisha liandike siku ya kwanza, sio mwezi wa tatu. Uliza kabisa: "nikifanya nini na nini mpango huu utafungwa kwamba nimefaulu, na nani atasaini hivyo?" Kama bosi anajibu kwa kueleweka, jitume. Kama anazungukazunguka umeshajua.

Halafu angalia vikao. Mpango wa kweli una kikao kila wiki au kila wiki mbili na bosi anakuja. Wa kukutoa vikao vinaahirishwa, vinaahirishwa, halafu mwisho unaambiwa hukuonyesha maendeleo. Kwahiyo kila kikao kikiisha andika barua pepe ya mistari mitano palepale, tulichokubaliana, nilichofikisha, kinachofuata, "kama kuna nilichokielewa vibaya naomba unirekebishe". Na kikao kikiahirishwa andika pia, "kikao cha leo hakikufanyika, hii hapa hali ya kazi mpaka sasa". Nakala za barua zinazokuhusu wewe kama mfanyakazi, yani tathmini, mpango wenyewe, hizo barua za vikao, uwe nazo mahali ambapo hutazipoteza siku wakifunga akaunti yako. Usichukue nyaraka za siri za kampuni wala taarifa za wateja, hiyo inaweza kugeuzwa kosa lenyewe na ukaharibu kila kitu.

Wakati huohuo tengeneza wasifu wako, wasiliana na watu mliofanya nao kazi zamani, omba kazi. Hii sio kukata tamaa. Mtu mwenye mlango wa pili anaongea na bosi kwa sauti ya kawaida, hatetemeki, na mara nyingi hata kazi yake inakuwa nzuri zaidi kwa sababu kichwa kimetulia.

Na wale wenzako wanaokwambia ufungashe, waombe kitu kimoja cha maana: kuna anayekumbuka mtu yeyote aliyewahi kupita huo mpango hapo kwenu akabaki? Kama yupo mtafute ukae naye, muulize vipimo vyake viliandikwaje na nani alimsainia. Kama hakuna hata mmoja kwa miaka yote, jitihada zako nyingi zipeleke kwenye maombi ya kazi na kwenye kupanga utatokaje, ukiwa na barua ya utumishi na stahiki zako kamili. Ukishapata hivyo vipimo vya kwako vibandike hapa, futa majina ya watu na ya kampuni, tuvipitie kimoja kimoja.